Moyo Unaopiga Ovyo na Kazi ya Muuguzi

Fibrilesheni ya atiria ni ugonjwa wa umeme wa moyo. Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu, vinavyoitwa atiria, hupokea damu; viwili vya chini, ventrikali, huisukuma kwenda mapafuni na mwilini. Katika moyo usio na hitilafu kila pigo huanzia mahali pamoja, sehemu ndogo iliyo juu ya atiria ya kulia, na mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, yanayofuatana kwa mwendo sawa. Ugonjwa huu ukiingia, umeme huzuka huku na kule ndani ya atiria, mara 300 hadi 600 kwa dakika. Vyumba hivyo havibani tena, hutetemeka tu. Ventrikali hupokea sehemu ya vurugu hiyo na kupiga bila mpangilio, haraka, polepole, kisha haraka tena. Anayeshika kifundo cha mkono wa mgonjwa na kutafuta mapigo hupata mapigo yasiyotabirika, mengine yenye nguvu na mengine dhaifu.

Wagonjwa huueleza kwa namna nyingi. Wapo wanaosema moyo huenda mbio ghafla wakiwa wameketi. Wapo wanaochoka wakipanda ngazi walizozizoea, au wanaosikia kizunguzungu, kifua kubana na pumzi kuwa fupi. Wengine hawasikii lolote, na ugonjwa hugunduliwa siku walipopimwa kwa sababu nyingine, au siku walipopata kiharusi. Mara nyingi hali hii huanza kwa vipindi vya kuja na kuondoka, kisha vipindi hurefuka, hatimaye inakuwa ya kudumu. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa watu karibu milioni 60 duniani walikuwa nayo, ikihesabiwa pamoja na hitilafu nyingine ya atiria inayofanana nayo sana.

Hatari yake kubwa haiko moyoni bali kichwani. Atiria isiyobana hukaa na damu iliyotuama, hasa katika kifuko kidogo kilicho pembeni mwa atiria ya kushoto. Damu iliyotuama huganda. Bonge likikatika husafiri na mkondo wa damu hadi kwenye mshipa wa ubongo na kuuziba, na hicho ndicho kiharusi. Utafiti uliofuatilia wakazi wa mji wa Framingham, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, tangu mwaka 1948 ulionyesha kwamba mwenye fibrilesheni yuko katika hatari ya kupata kiharusi takribani mara tano ya asiye nayo.

Kwa hiyo tiba ina kazi tatu. Ya kwanza ni kuzuia damu isigande, kwa dawa kama warfarini au zile mpya zaidi kama apiksabani na rivaroksabani. Ya pili ni kupunguza kasi ya moyo au kuurudisha katika mdundo wake, kwa vidonge, kwa mshtuko wa umeme unaotolewa hospitalini, au kwa ablesheni, yaani kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kwenye kinena hadi moyoni na kuharibu makusudi sehemu ndogo zinazozusha umeme huo. Ya tatu ni kushughulikia mambo ya maisha ya kila siku yanayoulisha ugonjwa wenyewe: uzito, presha, sukari, pombe, sigara, usingizi na kukaa bila kujishughulisha. Kwa miaka mingi kazi hii ya tatu ilikuwa maneno ya kuagana mlangoni tu. Mgonjwa aliambiwa apunguze uzito, aache pombe, arudi baada ya miezi mitatu, na aliporudi hakuna aliyemuuliza kilichomshinda ni nini.

Mambo hayo si ya pembeni hata kidogo. Presha ya muda mrefu huifanya ventrikali kuwa nene na ngumu, na atiria inayolazimika kusukuma damu ndani ya chumba kigumu hutanuka, kisha huota makovu. Makovu hayo huvuruga njia za umeme. Kwa mtu mnene kupita kiasi, mafuta hujikusanya kuuzunguka moyo na hata kupenya katikati ya misuli yake. Kisukari nacho huchangia makovu. Kukatika pumzi usingizini, hali inayowapata wengi wanaokoroma sana, hushusha oksijeni katika damu mara nyingi kila usiku na kuivutavuta atiria kila mgonjwa anapohangaika kuvuta hewa. Pombe huchochea moyo moja kwa moja, na madaktari wamezoea kuona watu wakiletwa hospitalini na mapigo yaliyovurugika baada ya wikendi au sikukuu za ulevi. Umri na urithi havibadilishwi na mtu. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na valvu zilizoharibika zina tiba zake. Yaliyobaki, ambayo ndiyo mengi, yamo ndani ya nyumba ya mgonjwa.

Ushahidi kwamba kuyabadilisha kunaubadilisha ugonjwa wenyewe ulitoka kwa sehemu kubwa katika mji wa Adelaide, Australia, kwa kundi la watafiti linaloongozwa na daktari wa moyo Prashanthan Sanders. Mwaka 2013 walichapisha jaribio la wagonjwa 150 wenye uzito mkubwa. Nusu yao waliwekwa kwa bahati nasibu katika mpango wa kupunguza uzito unaosimamiwa kwa karibu, na nusu wakapewa ushauri wa kawaida. Kundi la kwanza lilipungua kilo 14 kwa wastani, la pili chini ya kilo 4, na dalili za ugonjwa zikapungua zaidi kwa waliopungua zaidi. Miaka miwili baadaye wakatoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 355 kwa takribani miaka mitano. Miongoni mwa waliopunguza angalau asilimia 10 ya uzito wao na kuutunza, 45 kati ya kila 100 hawakuwa tena na vipindi vya ugonjwa, bila dawa za mdundo wala ablesheni. Kwa waliopunguza chini ya asilimia 3, walikuwa 13 tu.

Kuna matokeo mawili ya utafiti huo ambayo hayatajwi mara nyingi, nayo yana uzito uleule. La kwanza ni kwamba wagonjwa ambao uzito wao ulipanda na kushuka kwa zaidi ya asilimia 5 walipoteza sehemu ya faida waliyoipata. La pili ni kwamba waliofanikiwa kupunguza na kutunza uzito walikuwa, kwa wingi, wale waliokuwa wakihudhuria kliniki maalumu iliyowekwa kwa kazi hiyo. Kujua kwamba uzito unadhuru hakukutosha. Kilicholeta tofauti ni kuwa na mahali pa kurudi na mtu wa kurudi kwake.

Kuhusu pombe, jaribio lililofanyika Australia na kuchapishwa Januari 2020 liliwachukua watu 140 waliokuwa wakinywa angalau vipimo 10 vya pombe kwa wiki. Waliotakiwa kuacha walishuka kutoka karibu vipimo 17 kwa wiki hadi viwili. Katika miezi sita iliyofuata, ugonjwa uliwarudia 53 kati ya kila 100 miongoni mwao, na 73 kati ya kila 100 miongoni mwa walioendelea kunywa kama kawaida.

Swali likawa nani atafanya kazi hii. Daktari bingwa wa moyo ana foleni ndefu na dakika chache kwa kila mtu. Mabadiliko ya maisha hayaandikwi kwenye cheti cha dawa. Yanahitaji kuulizwa, kusikilizwa, kupimwa, kukumbushwa na kurekebishwa kwa miezi na miaka. Hospitali ya chuo kikuu ya Maastricht, Uholanzi, iliwapa wauguzi kazi hiyo. Muuguzi aliyepata mafunzo alimpokea mgonjwa, akamchukulia historia, akampima, akaingiza taarifa katika programu ya kompyuta iliyojengwa juu ya miongozo ya tiba, kisha akajadili mpango wa matibabu na daktari wa moyo aliyesimamia. Miadi ya kurudi ilikuwa kwa muuguzi, na daktari aliitwa ilipohitajika. Jeroen Hendriks, mtafiti wa uuguzi, na wenzake walilinganisha utaratibu huo na ule wa kawaida kwa wagonjwa 712, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Waliolazwa kwa magonjwa ya moyo na mishipa au kufa kwa magonjwa hayo walikuwa asilimia 14.3 katika kliniki ya wauguzi, na asilimia 20.8 katika utaratibu wa kawaida.

Matokeo hayo yalipokelewa kwa furaha, na ilistahili. Hata hivyo, jaribio kubwa zaidi lililofuata Uholanzi, la wagonjwa 1,375 katika hospitali nane, lililochapishwa mwaka 2020, halikuonyesha tofauti ya uhakika kwa jumla kati ya kliniki za wauguzi na huduma ya kawaida. Tofauti ilionekana katika hospitali zilizokuwa na uzoefu wa kliniki hizo tangu mwanzo. Hili halipaswi kufichwa na yeyote anayezitetea kliniki za wauguzi, kwa sababu linaonyesha zinakopata nguvu zake. Kumbadilisha anayeketi nyuma ya meza hakutoshi. Muuguzi anahitaji mafunzo, mwongozo ulioandikwa, mamlaka ya kufanya maamuzi fulani, na daktari anayepatikana siku hiyohiyo.

Miongozo ya kimataifa sasa imeyapa mambo ya maisha nafasi ya mbele. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 unaweka udhibiti wa magonjwa mengine na vihatarishi kuwa nguzo ya kwanza, kabla ya kuzuia kiharusi na kabla ya kupunguza dalili, nao unasisitiza huduma ya timu inayomweka mgonjwa katikati, wauguzi wakiwa sehemu ya timu hiyo.

Ziara ya kwanza katika kliniki ya namna hii huwa ndefu. Muuguzi hushika mapigo kwa dakika nzima, kwa kuwa mapigo yasiyo na mpangilio yakihesabiwa kwa sekunde 15 na kuzidishwa hudanganya. Hupima presha zaidi ya mara moja, kwa sababu hiyohiyo: kila pigo lina nguvu yake. Hupima uzito, urefu na mzunguko wa kiuno, na sukari ya damu, kisha hufanya kipimo cha umeme wa moyo, ECG, ambacho ndicho kinachothibitisha ugonjwa. Hukokotoa alama za hatari ya kiharusi kutokana na umri, presha, kisukari, moyo kushindwa kufanya kazi, kiharusi cha zamani na magonjwa ya mishipa. Alama hizo husaidia kuamua nani anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Halafu huuliza maswali yasiyopata nafasi kwenye foleni ya daktari. Mgonjwa analala na nani, na huyo anayelala naye amewahi kumsikia akikoroma kisha pumzi ikakatika? Nani anapika nyumbani? Dawa zinanunuliwa kwa fedha ya nani, na mwezi ukiwa mgumu ipi inaachwa kwanza?

Namna ya kuuliza ina maana yake. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani William Miller alieleza mtindo wa mazungumzo ambao baadaye aliukuza pamoja na Stephen Rollnick, na ambao leo hufundishwa wauguzi wengi. Kiini chake ni kwamba mtu anayelaumiwa hujitetea, na anayejitetea hubaki alipo. Badala ya kutoa orodha ya makatazo, muuguzi humsaidia mgonjwa aseme mwenyewe sababu zake za kutaka kubadilika. “Mama, katika haya tuliyoyazungumza, lipi unaona unaweza kuanza nalo mwezi huu?” Jibu likiwa ni kuacha soda, wanaanza na soda, hata kama muuguzi angetamani waanze na presha. Wauguzi wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu kazi hii, kwani wameifanya kwa miaka katika kliniki za watu wanaoishi na VVU, ambako ushauri wa kufuata dawa ulikuwa sehemu ya kila ziara.

Uzito ndio mjadala mgumu kuliko yote. Lengo linalopendekezwa kwa mwenye uzito mkubwa ni kupunguza angalau asilimia 10: mtu wa kilo 90 hulenga kufika 81, taratibu, si kwa kufunga kula wiki moja. Lakini katika nyumba nyingi za ukanda huu mwili mkubwa ni dalili ya kutunzwa, na mtu akianza kukonda majirani huanza kunong'ona juu ya maradhi. Mume huonekana ameshindwa kumlisha mkewe, au mke kumtunza mumewe. Muuguzi asiyeyajua haya atashangaa kwa nini mgonjwa anayemwelewa vizuri kliniki hafanyi lolote nyumbani. Anayeyajua humwita mwenzi au binti anayepika aje siku ya miadi. Kisha mazungumzo hushuka hadi kwenye sahani: ugali au wali upungue hadi robo, mboga za majani zijaze nusu, kitoweo kichukue sehemu iliyobaki, chapati na maandazi yawe ya siku maalumu, chai ipunguzwe sukari kidogokidogo mpaka ulimi uzoee.

Chumvi huandamana na presha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, ambazo ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumlisha iliyomo ndani ya mkate, vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, achari na samaki wa ng'onda. Mgonjwa anaposema hatumii chumvi, mara nyingi ana maana haongezi mezani. Lengo la presha kwa wengi ni chini ya 130/80, ikiwa mwili unavumilia, na hilo kwa kawaida huhitaji dawa pamoja na chakula. Dawa za presha huachwa kirahisi sana, kwa kuwa presha haiumi. Kumweleza mgonjwa kwamba presha iliyotulia ni matokeo ya kidonge, na kwamba si ishara ya kupona, ni kazi inayorudiwa ziara baada ya ziara.

Kwa pombe, mwongozo wa Ulaya unataka isizidi vipimo vitatu kwa wiki, yaani gramu 30 hivi za kilevi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takribani gramu 20. Hesabu hiyo huwashtua wengi, maana kiwango cha wiki nzima hakifiki chupa mbili. Pombe za kienyeji hazina kipimo kinachojulikana, hivyo njia salama kwa mgonjwa ni kuziacha. Sigara iachwe kabisa. Miraa nayo huongeza kasi ya moyo na presha, na muuguzi anayefanya kazi Mombasa, Nairobi au Meru lazima aulize habari zake waziwazi, bila sauti ya hukumu. Kahawa, kinyume na inavyodhaniwa na wengi, haijathibitika kuchochea ugonjwa huu ikinywewa kwa kiasi. Mzee aliyezoea kikombe chake cha kahawa chungu jioni hana sababu ya kunyimwa, isipokuwa kama yeye mwenyewe ameona kinamwamshia mapigo ya ovyo.

Mazoezi yanayopendekezwa na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 ni dakika 210 kwa wiki, sawa na nusu saa kila siku. Kutembea kwa haraka kunatosha: mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Mwanzoni hutosha dakika kumi, na mgonjwa hufundishwa kusimama akiona kizunguzungu au maumivu ya kifua.

Usingizi husahauliwa na karibu kila mtu. Anayekoroma sana, anayeamka amechoka na kusinzia mchana kwenye daladala au kazini, anastahili kupimwa. Mashine ya kupuliza hewa usiku husaidia pumzi na uchovu, ingawa majaribio yaliyopima kama inapunguza fibrilesheni yenyewe bado hayajakubaliana. Kupungua uzito husaidia yote mawili.

Eneo ambalo muuguzi huokoa maisha kwa haraka zaidi ni dawa za kuzuia damu kuganda. Warfarini huhitaji kipimo cha damu kinachoitwa INR, na lengo la kawaida ni kati ya 2 na 3. Ikiwa chini ya hapo damu inaganda, na ikiwa juu sana inavuja. Vitamini K iliyomo katika mchicha, sukuma wiki, kisamvu na majani ya kunde hupunguza nguvu ya dawa hiyo, na kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hukatazwa mboga hizo kabisa. Katazo hilo ni kosa. Kinachotakiwa ni kula kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki, na dozi ipangwe kufuatana na chakula hicho. Hatari kubwa zaidi iko duka la dawa la mtaani, ambako diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huuzwa kwa maumivu ya mgongo na magoti. Zikichanganywa na dawa hizi huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni. Rifampisini inayotumika kutibu kifua kikuu hupunguza nguvu ya warfarini na ya dawa mpya pia. Dawa za miti shamba nazo ziulizwe, kwa heshima, kwani mgonjwa anayechekwa leo hatazitaja kesho. Na mgonjwa Mwislamu anahitaji mazungumzo kabla ya Ramadhani, si katikati yake, ili saa za dawa zipangwe kati ya futari na daku, na ijulikane mapema kama hali yake inaruhusu kufunga.

Afrika Mashariki ina sura yake katika ugonjwa huu. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, miongoni mwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta wenye fibrilesheni hawafiki mmoja kati ya mia, idadi ndogo sana ukilinganisha na wazee wa Ulaya. Lakini wanaoupata ugonjwa huku hupata tabu zaidi. Rejista ya kimataifa iliyokusanya wagonjwa zaidi ya 15,000 walioletwa hospitalini katika nchi 47 ilionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja asilimia 20 ya wagonjwa wa Afrika walikuwa wamefariki, ambapo Amerika Kaskazini, Ulaya Magharibi na Australia ilikuwa asilimia 10. Waliopata kiharusi walikuwa asilimia 8 Afrika, na asilimia 4 kwa wagonjwa wote. Tena wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi, na zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ugonjwa unaoanza utotoni kwa maambukizi ya koo yasiyotibiwa.

Kwa hawa, kupunguza uzito si jibu. Mwanamke wa miaka 28 mwenye valvu iliyobana anahitaji warfarini, kwani jaribio lililochapishwa mwaka 2022, lililohusisha watu zaidi ya 4,500 wenye ugonjwa wa rumatiki katika nchi 24, lilionyesha kwamba waliopewa warfarini waliishi zaidi kuliko waliopewa rivaroksabani. Wachambuzi kadhaa waliona kwamba huenda sehemu ya faida hiyo ilitokana na waliotumia warfarini kuonana na wahudumu kila mwezi kwa ajili ya kipimo. Mwanamke huyohuyo yuko katika umri wa kuzaa, na warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Mazungumzo ya uzazi wa mpango, ambayo katika kliniki ya moyo ya Maastricht hutokea kwa nadra, Mwanza au Bukavu ni sehemu ya usalama wa dawa. Muuguzi aliyewahi kufanya kazi kliniki ya mama na mtoto anayaweza kuliko bingwa wa moyo.

Mabingwa wenyewe ni wachache na wamekusanyika mijini, katika hospitali kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam au Taasisi ya Moyo ya Uganda jijini Kampala. Kwa hiyo katika eneo hili kliniki inayoongozwa na asiye daktari mara nyingi ndiyo njia pekee ya mgonjwa kuonwa kila mwezi, na mifano ipo. Katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, wafamasia waliendesha kliniki ya warfarini na kuonyesha kwamba INR inaweza kudhibitiwa vizuri katika mazingira hayo. Nchini Rwanda, Wizara ya Afya pamoja na shirika la Partners In Health waliwafundisha wauguzi wa hospitali za wilaya, Rwinkwavu ikiwa miongoni mwa za kwanza, kuendesha kliniki za moyo kushindwa kufanya kazi, presha na kisukari, wakitumia hata mashine ndogo ya kupiga picha za moyo kutofautisha aina za ugonjwa. Uzoefu huo ulizaa mkakati unaoitwa PEN-Plus, uliopitishwa na mawaziri wa afya wa Afrika chini ya Shirika la Afya Duniani mjini Lomé, Togo, Agosti 2022. Fibrilesheni inaingia humo bila kuhitaji jengo jipya. Vinavyohitajika ni mzani, mashine ya presha inayofanya kazi, ECG, kipimo cha INR, daftari la kufuatilia wasiokuja, na namba ya simu ya daktari inayopokelewa.

Kati ya miadi, mgonjwa hufundishwa kujishika mapigo mwenyewe. Vidole viwili huwekwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na mapigo huhesabiwa kwa dakika nzima, asubuhi, kabla ya shughuli. Akiwa ametulia, mapigo yanayozidi 110 mara kwa mara ni sababu ya kupiga simu kliniki. Kinyesi cheusi kama lami, damu kwenye mkojo, au kuanguka na kugonga kichwa kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda ni sababu ya kwenda hospitalini hata kama anajisikia vizuri.

Familia nayo hufundishwa dalili za kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea usiweze kuinuliwa, maneno kutoka yamekatikakatika au kutotoka. Saa dalili zilipoanza ikumbukwe, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tu tangu hapo, katika hospitali zinazoweza kuitoa. Anayempeleka achukue kadi ya kliniki na vidonge vyote vya mgonjwa. Daktari wa dharura atakayempokea lazima ajue kama anatumia warfarini au apiksabani, na alimeza lini mara ya mwisho, kabla ya kuamua kumpa dawa ya kuyeyusha bonge.